Bahari Inasingiziwa

Ukitaja umeme wa mawimbi mbele ya watu wa nishati, jibu huja haraka, na karibu kila mara ni lile lile: hiyo walishaijaribu wenzetu wa Ulaya tangu miaka ya 1970, wakamwaga fedha, bahari ikavunja kila walichokitumbukiza, na wenye akili wakahamia kwenye jua na upepo. Husemwa kwa utulivu, kana kwamba inatajwa kanuni ya maumbile. Mimi naipinga kauli hiyo. Ukifuatilia habari za mitambo hiyo mmoja mmoja, ukauliza ulikufa lini, ulikufia wapi, na nani alikuwa ameshika mfuko siku hiyo, unakuta bahari imebebeshwa hatia ambayo sehemu kubwa yake ni ya binadamu.

Niondoe kwanza mkanganyiko mmoja. Umeme wa mawimbi si umeme wa maji kupwa na kujaa. Kupwa na kujaa ni kazi ya mwezi na jua, na Wafaransa wamekuwa wakifua umeme humo tangu 1966 katika mlango wa mto Rance, megawati 240. Mawimbi ni kazi ya upepo uliopiga uso wa bahari, mara nyingi mbali sana na pwani yanakovunjikia. Hoja yangu yote inahusu haya ya pili.

Wapinzani wangu wana jambo moja la kweli, na sitaki kulipita juu juu, kwa kuwa ndilo gumu kuliko yote. Nguvu ya mawimbi haipandi sawasawa na kimo chake. Wahandisi wana hesabu ya haraka: chukua kimo cha mawimbi kwa mita, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi, kisha gawa kwa mbili. Unapata, kwa kukadiria, kilowati zinazopita katika kila mita moja ya upana wa bahari. Siku ya kawaida, mawimbi ya mita 2 yanayofuatana kila baada ya sekunde 8 yanabeba kilowati 16 kwa mita. Siku ya tufani, mawimbi ya mita 10 yanayofuatana kila baada ya sekunde 14 yanabeba 700. Mtambo unatafuta riziki yake katika zile 16, lakini sharti ujengwe kwa namna ya kuzivuka zile 700, ambazo haziuingizii hata senti. Chuma chote cha ziada, minyororo minene na nanga nzito ni gharama ya siku chache za mwaka.

Juu ya hapo, wimbi lina nguvu nyingi lakini mwendo wake ni wa polepole na unakwenda mbele na nyuma, ilhali jenereta inataka kuzunguka kwa kasi, upande mmoja, bila kusitasita. Kuna chumvi inayokula viungo. Kuna magamba yanayoota juu ya kila kilichozama. Kuna waya wa umeme unaosuguliwa na mwamba usiku na mchana. Na fundi hawezi kuufikia mtambo mpaka bahari itulie, kwa hiyo ukiharibika katika miezi ya mawimbi makubwa, ndiyo miezi ya mavuno, unaweza kukaa wiki nzima au zaidi bila mtu kuugusa.

Norwe walilipa gharama hiyo mwaka 1988: mtambo wa kilowati 500 uliosimamishwa kwenye mwamba wa Toftestallen, karibu na Bergen, uling'olewa na tufani ya Desemba baada ya miaka mitatu tu. Agosti 1995, mtambo wa Osprey ulipasuliwa na mawimbi karibu na Dounreay, kaskazini mwa Uskoti, wakati bado unatulizwa mahali pake. Mwaka 2014 kampuni ya Oceanlinx ya Australia ilipoteza mtambo wa tani 3,000 ukiwa unakokotwa kuelekea Port MacDonnell. Haya yametokea, na anayeyataja anataja kweli. Lakini miwili kati ya hiyo mitatu haikufia kazini. Mmoja ulifia njiani, mwingine ukafa wakati wa kushushwa. Kukokota na kushusha kitu kizito baharini ni ufundi unaojitegemea, ambao watu wa mafuta na gesi wamejifunza kwa hasara zao wenyewe, na hakuna aliyewahi kusema kwamba mafuta ya baharini hayawezekani kwa sababu jukwaa fulani lilizama.

Sasa tuje kwenye mfano unaopendwa kuliko yote, Pelamis. Ulikuwa bomba la chuma jekundu lenye urefu wa mita 120 na kipenyo cha mita 3.5, limekatwa vipande vinne na kuungwa kwa viungo vinavyopinda, likielea nusu ndani ya maji na kichwa chake kikielekea mawimbi yanakotoka. Wimbi likipita chini yake, viungo vinapinda. Kila kupinda kunasukuma mafuta kwa shinikizo kubwa, mafuta yanazungusha mota, mota inazungusha jenereta. Kwa kuwa mtambo uliyapokea mawimbi kwa kichwa na si kwa ubavu, lile kubwa kupita kiasi liliufunika na kupita zake. Ulibuniwa Edinburgh na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1998 na Richard Yemm, na kila mmoja uliweza kutoa kilowati 750.

Septemba 2008 mitambo mitatu ya aina hiyo ilizinduliwa Aguçadoura, kaskazini mwa Ureno. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa kundi la mitambo ya mawimbi kuunganishwa na gridi. Miezi miwili baadaye ilikokotwa kurudi bandarini na haikurudi tena baharini. Hapo ndipo msimuliaji wa kawaida hukunja karatasi yake na kusema: mnaona?

Tuone, basi. Beringi za viungo zilianza kulika mapema kuliko ilivyotarajiwa. Hiyo ni kasoro ya karakana, na mafundi waliijua dawa yake. Lakini mwenye hisa nyingi katika mradi ule alikuwa Babcock & Brown, kampuni ya uwekezaji ya Australia, na msimu ule ule mabenki ya dunia yalikuwa yakianguka. Mapema mwaka 2009 Babcock & Brown wenyewe wakawa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Mitambo ilibaki imefungwa gatini kwa kukosa mtu wa kulipia safari ya kurudi. Haikuwa imezamishwa na bahari hata mmoja.

Kizazi cha pili cha Pelamis, kirefu zaidi, mita 180, kiliingia majini mwaka 2010 katika kituo cha majaribio cha visiwa vya Orkney. Mtambo mmoja ulinunuliwa na E.ON, mwingine na ScottishPower. Ilifua umeme, ikaupeleka nchi kavu, ikavuka misimu ya baridi ya Atlantiki. Mwaka 2013 E.ON wakajitoa. Novemba 2014 kampuni ikakosa wawekezaji na kufilisika, na mwaka mmoja baadaye jirani zao wa Aquamarine, waliokuwa na mtambo wa Oyster kwenye pwani hiyo hiyo, wakafunga milango kwa sababu ile ile. Mtu anayesoma habari hizi na kuhitimisha kwamba Atlantiki ndiyo iliyowashinda anasoma vitabu vya mapato na matumizi akidhani ni taarifa za hali ya hewa.

Kosa lenyewe ni la zamani zaidi. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, Stephen Salter wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alichapisha mwaka 1974 katika jarida la Nature muundo wa mtambo uliokuja kujulikana kwa jina la Bata, ambao katika tangi la majaribio ulinyonya hadi sehemu 9 kati ya 10 za nguvu ya wimbi. Serikali ya Uingereza ikaanzisha mpango rasmi. Wabunifu wakatakiwa wachore kituo cha megawati 2,000. Megawati elfu mbili, wakati hapakuwa na mtambo hata mmoja wa saizi kamili uliowahi kulowa maji ya chumvi! Michoro ikatoka mikubwa kama ilivyoagizwa, gharama zikatoka kubwa kama michoro, na mwaka 1982 mpango ukafungwa kwa hoja kwamba umeme huo ni ghali. Salter alifariki mwaka 2024, na kwa miaka yote hiyo alishikilia kwamba gharama za Bata zilikadiriwa vibaya. Hata tukiacha ubishi huo kando, agizo lenyewe lilitosha kuua. Lilimdai mtoto mahari kabla hajaanza kutambaa.

Upepo, unaosifiwa leo, ulipitia njia hiyo hiyo ya makubwa na ukaanguka vibaya. Mwaka 1941 Wamarekani walisimamisha kwenye mlima wa Vermont mtambo wa megawati 1.25. Mwaka 1945 pangaboi lake likakatika na kuruka, na mradi ukaishia hapo. Wajerumani walijenga Growian, megawati 3, uliokamilika mwaka 1983. Ulisimama bure kwa sehemu kubwa ya maisha yake na ukabomolewa miaka mitano baadaye. Laiti dunia ingeupima upepo kwa kipimo kile kile kinachotumiwa kwa mawimbi, kesi ingefungwa siku ile.

Upepo uliokolewa na Denmark, na uliokolewa kwa udogo. Katika miaka ya 1970 seremala mmoja, Christian Riisager, alitengeneza kinu cha upepo cha kilowati 22 na kukiunga na gridi. Wengine wakaiga, wakakosea, wakarekebisha. Mwaka 1978 kikaanzishwa kituo cha kupima vinu hivyo huko Risø, na mwaka uliofuata serikali ikaanza kumlipia mnunuzi asilimia 30 ya bei, kwa sharti kwamba kinu kiwe kimepita kwenye kipimo hicho. Wakulima wakavinunua, wakaishi navyo, wakavilalamikia, na malalamiko yao yakawa darasa la watengenezaji. Kutoka kilowati 22 wakaenda 55, wakaendelea hivyo hivyo mpaka mwaka 1991 walipopanda vinu 11 vya kilowati 450 baharini, Vindeby. Mitambo ya leo ya upepo wa baharini, ya megawati 15 mmoja, ni wajukuu wa kazi ya seremala. Mawimbi hayakuwahi kupata seremala wake. Yalipata mabenki.

Mahali pamoja ambapo yalipata kitu kinachokaribia hapo, mitambo ipo hadi leo. Mutriku ni mji mdogo wa wavuvi katika Nchi ya Basque, Hispania. Bandari yao ilihitaji ukuta wa kuzuia mawimbi, na ukuta ulikuwa ujengwe kwa vyovyote vile. Shirika la nishati la jimbo likauliza kama ndani ya ukuta huo vinaweza kuachwa vyumba. Vikaachwa 16. Kila chumba kiko wazi upande wa chini, ndani ya maji. Wimbi likija, maji yanapanda ndani ya chumba na kuibana hewa iliyo juu, hewa inatoka kwa nguvu kupitia tundu la darini, na tunduni imefungwa turbini. Wimbi likirudi nyuma, maji yanashuka na hewa inavutwa kuingia kupitia tundu lile lile. Turbini inazunguka upande ule ule, hewa ikitoka na hewa ikiingia, kwa sababu mapangaboi yake yana umbo lililolingana pande zote mbili. Huo ni ubunifu wa Alan Wells, aliyekuwa profesa Belfast, wa mwishoni mwa miaka ya 1970. Maji ya chumvi hayaigusi jenereta isipokuwa kwa ukungu. Fundi anaufikia mtambo kwa miguu yake, akipita mlangoni, bila kukodi meli wala mpiga mbizi.

Mutriku ilianza kazi Julai 2011 ikiwa na kilowati 296 kwa jumla. Tufani ziliupasua ukuta wakati wa ujenzi, ukarekebishwa. Tangu hapo imeshatoa zaidi ya uniti milioni 2 za umeme. Najua mpinzani atashika kalamu hapa: kilowati 296 zikizunguka mwaka mzima bila kupumzika zingetoa uniti milioni 2.6 kwa mwaka mmoja, kwa hiyo mtambo huu unazalisha sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Ni kweli. Vyumba vile havikupangiwa bahari yenye nguvu zaidi, vilipangiwa mahali ambapo wavuvi walihitaji ukuta. Lakini Mutriku imekuwa shule. Wareno wa Lisbon walileta turbini yao ya aina mpya, wakaifunga katika kimojawapo cha vyumba vile, wakaipima kwa miezi kwenye bahari halisi, wakaenda zao na takwimu. Shule ya namna hiyo ndiyo Risø ilivyokuwa kwa upepo, na mawimbi yaliishi miongo kadhaa bila kuwa nayo.

Waskoti nao walijifunza, ingawa kwa kuchelewa. Pelamis ilipoanguka, serikali yao iliununua ujuzi wake ili usipotee na kuunda Wave Energy Scotland, chombo kinachogharamia utafiti kwa hatua: wabunifu wengi wanaanza na vielelezo vidogo, wanaofaulu wanasonga mbele, wasiofaulu wanaacha nyuma matokeo yao kwa wengine. Kwa njia hiyo kampuni ya Mocean iliingiza mtambo wake majini Orkney mwaka 2021, na mtambo wa Waveswing ukafuata mwaka 2022. Ni midogo, na inapaswa kuwa midogo.

Wanaosema kwamba hakuna chombo kinachoweza kuikabili tufani, nawaelekeza pale pale Aguçadoura. Mwaka 2023 kampuni ya CorPower ya Uswidi ilifunga huko boya la kilowati 300, lenye kipenyo cha mita 9. Hawakuruka hatua. Walianza na tangi, wakajenga la nusu saizi na kulijaribu Orkney, ndipo wakaja Ureno. Katika bahari ya wastani boya huongezewa mwendo kwa makusudi ili likae sambamba na mapigo ya wimbi. Bahari ikichafuka, msaada huo unaondolewa, na boya linabaki karibu limetulia huku wimbi likilipita. Novemba mwaka huo tufani iliyoitwa Domingos ilileta mawimbi ya hadi mita 18.5. Boya lilibaki mahali pake. Lile tatizo la 16 na 700 nililolieleza juu linapatiwa jibu hapa kwa mbinu, bila kurundika chuma, na kwa maoni yangu hii ndiyo habari kubwa kuliko zote katika fani hii.

Inabaki hoja ya bei, ambayo ndiyo ya heshima kuliko nyingine. Hakuna popote leo umeme wa mawimbi unaoshindana kwa bei na jua au upepo. Kwa nini basi usumbufu wote huu? Kwa sababu uniti haina thamani moja kila saa na kila mahali. Orkney mwezi Desemba jua linaonekana kama saa sita tu kwa siku, na ndipo watu wanapowasha majiko ya kupasha nyumba joto. Mawimbi ya huko huwa makubwa kuliko yote katika majira hayo hayo. Tena mawimbi hayafi upepo unapokufa. Mwaka 1963 Walter Munk na wenzake waliyafuatilia mawimbi yaliyozaliwa na tufani za bahari ya kusini mpaka Alaska, upande wa pili wa Pasifiki, na wakakuta yamepoteza nguvu kidogo sana njiani. Umeme unaokuja kwa ratiba tofauti na ya jua na tofauti na ya upepo una kazi katika gridi hata bei yake ikiwa juu kidogo. Wanaolinganisha uniti kwa uniti, bila kuuliza ya saa ngapi, wanafanya hesabu nusu.

Na subira? Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda Denmark kuitafuta. Visima vya kwanza vya jotoardhi vya Olkaria, Kenya, vilichimbwa katika miaka ya 1950, havikuleta mvuke wa kufaa, kazi ikaachwa. Wangekuwepo wasemaji wa leo, wangetangaza kwamba ardhi imekataa. Uchunguzi ulirudiwa miaka ya 1970, mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa mwaka 1981, na leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za jotoardhi, zinazotoa zaidi ya theluthi moja ya umeme wa nchi.

Sitadai kwamba Unguja au Mombasa waagize maboya kesho. Pwani yetu iko karibu na ikweta, mawimbi yake ni madogo kuliko ya Uskoti, na sehemu kubwa yanavunjikia kwenye miamba ya matumbawe kabla ya kufika. Atakayetuuzia mradi wa mamia ya megawati kwa picha za kompyuta atakuwa anarudia kosa la zile megawati 2,000 za Uingereza kwa fedha zetu. Lakini Unguja ilikaa gizani miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009, kwa sababu waya mmoja wa chini ya bahari uliharibika, na kisiwa kilichopitia hayo kina haki ya kujua kila chanzo kilichokizunguka kina nini. Maboya ya kupimia yawekwe nje ya miamba, mashariki mwa Pemba na kaskazini mwa Lamu, yakae kusi na kaskazi kwa miaka kadhaa, na takwimu ziwe wazi kwa kila mwanafunzi wa uhandisi atakayezitaka. Na kila serikali ya pwani hii inapoagiza ukuta mpya wa bandari, mkandarasi aulizwe swali waliloulizana watu wa Mutriku: vyumba vinaweza kuachwa ndani yake, na kwa gharama gani ya ziada? Jibu linaweza kuwa hapana. Lakini sharti swali liulizwe wakati wa mchoro, kwa kuwa zege likishamwagwa hakuna atakayekubali kuutoboa ukuta.